Sauti Nne za Nathanaeli

Jumatatu, 9 Juni

Baridi imefika Mtae na mizigo yake yote. Asubuhi nilipofungua ofisi ya usharika kwa kazi yangu ya ukarani, ukungu uliingia pamoja nami kama mwenye funguo. Kompyuta imejizima yenyewe katikati ya kazi, ikajiwasha yenyewe, ikajizima tena. Na hilo sweta lake jipya imelivaa! Nimeigonga mgongoni kidogo. Haikusaidia.

Jumanne, 10 Juni

Imezima tena. Sasa naandika, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mume wangu Nathanaeli amefundisha kwaya ya usharika huu tangu hatujaoana. Hatumii karatasi. Anaiimbia sauti ya kwanza sehemu yao mpaka waishike, halafu sauti ya pili, halafu tenori, halafu besi. Yote yanatoka kooni mwake. Mwezi wa pili madaktari wa hospitali kubwa huko bondeni walimwambia kwamba koo hilo lina ugonjwa, na wakilikata atapona ila hatasema tena. Alirudi nyumbani, akalima siku mbili bila kuzungumza na mtu, halafu akachukua ufunguo wangu wa ofisi. Alirekodi kwenye kompyuta wimbo wake mpya wa mavuno, sauti zote nne, moja moja, hata ile ya akina mama, huku akigonga meza kwa kijiti ili zisipishane mwendo. Alipomaliza akaenda kukatwa.

Amepona, Mungu ashukuriwe. Anapumua kwa tundu lililopo shingoni. Anasema kwa mikono, na akikasirika anapiga makofi.

Kanda za kwaya tunazo tele, lakini humo yeye haimbi, anaongoza. Simu yangu ni ya vitufe. Kwa hiyo sauti yake yote iliyobaki duniani imo ndani ya lile sanduku, na sanduku linazima kabla wimbo haujaisha. Sikukuu ya mavuno ni tarehe kumi na saba Agosti. Kwaya isipojifunza wimbo humo, haina pengine pa kujifunzia.

Mimi nina haja yangu nyingine ambayo sijamwambia mtu. Watu wote wananiita Mama Justin. Yeye peke yake aliniita Yuni. Nimeanza kusahau alivyokuwa akilitamka. Nikijaribu kumsikia kichwani, naisikia sauti yangu mwenyewe ikimwigiza.

Ijumaa, 13 Juni

Mazoezi. Sauti ya kwanza walikaa kwenye benchi mbele ya kompyuta, Klara katikati kwa sababu ndiye kiongozi wao. Nathanaeli alisimama nyuma yao. Sauti yake ilipotoka kwenye spika, Klara alifunika uso kwa khanga. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu... pap! Giza. Kisha ile taa ndogo ikawaka, mashine ikaanza upya kama haijui kitu.

Tulirudia. Ikafia palepale, ubeti wa tatu. Ubeti wa nne hakuna aliyeusikia.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Esteria, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, amekuja kutoa hukumu. Huyu mama haingii mahali, anawasili.

"Mama Justin, hiyo ni baridi," alisema. "Mashine imezoea joto la Dar es Salaam, mmeileta huku kwenye ukungu. Hata wewe ungezimika."

Ndio maana waliifumia lile sweta. Walilikabidhi kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi huu kwa vigelegele: sufu ya kijani kibichi, nzito, limefunga mbele na nyuma, tundu moja la kitufe na moja la nyaya, na mbele limedariziwa KARIBU MGENI. Nilimwambia, mama, sweta inalo na bado inazima. Akasema basi halitoshi.

Jumatatu, 16 Juni

Ameleta jiko la mkaa. Limewekwa chini ya meza, karibu na sanduku. Ofisi imekuwa na joto zuri kweli, hata mchungaji amehamishia mahubiri yake humu. Kompyuta imefia ubeti wa pili.

Alhamisi, 19 Juni

Fundi amepanda kutoka Lushoto. Anaitwa Clemence, kijana mwembamba, amefika na vumbi la barabara mpaka kwenye kope. "Shikamoo mama." Marahaba. Nilimpa uji kwanza.

Sweta nilikuwa nimelivua kabla hajafika, nikalikunja, nikaliweka kabatini. Sitaki mikono ya fundi kwenye kazi ya akina mama. Jiko alilitoa nje mwenyewe, lilimwasha macho.

Alipofungua ubavu wa lile sanduku nilisogea kuchungulia. Mungu wangu! Nilidhani humo ndani mna chuma tupu. Kumbe ni kijiji! Kuna njia nyembamba za rangi ya dhahabu, kuna vinyumba vimepangwa mistari, kuna feni ndogo katikati inazunguka. Nikauliza, ule wimbo wetu umekaa wapi hapo? Akanionyesha kiboksi kimoja kilichofungwa, hakina hata mlango. "Humo, mama." Nilikigusa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa na uvuguvugu.

Alipuliza vumbi, akachomoa kipande anachokiita rami, akakisugua kwa kifutio cha mwanafunzi, akarudisha. Wimbo wa sauti ya kwanza ulicheza mpaka jua likageuka. Haikuzima hata mara moja. Tukamshangilia, akapanda bodaboda akaondoka.

Ijumaa, 20 Juni

Tuliivisha, tukaweka jiko, tukaita kwaya. Ubeti wa pili, pap.

Jumapili, 22 Juni

Mchungaji Kristofa ameiombea baada ya ibada. Aliweka mkono juu ya sweta. Ilituwakia vizuri wakati wa maombi, ikazima kwenye Amina. Mzee mmoja wa kanisa alicheka, akajifanya anakohoa.

Alhamisi, 26 Juni

Maharage yameanza kukauka. Kompyuta hivyo hivyo.

Jumatano, 2 Julai

Clemence tena. Safari hii amebadilisha kile kinachogawa umeme ndani. Sweta nimelivua mapema kama kawaida. Na kompyuta, shetani yule, imekaa macho mchana kutwa!

"Inakuogopa," nilimwambia.

"Mama, mimi sijawahi kuona mashine yenye adabu hivi." Lakini hakucheka. Alikuna kichwa. "Nikiondoka ikizima tena, basi ugonjwa uko kwenye programu. Itabidi niifute yote, nipige Windows upya."

"Uifute?"

"Vilivyomo vitaondoka, ila tutakuwa tumevihamisha kwanza kwenye flashi."

Nikamwambia flashi tumeshajaribu, ya mchungaji. Tulipoifungua kwingine tulikuta majina manne ya nyimbo, na ukiyagusa hamna kitu, ina virusi. Akasema basi atoe kile kiboksi ashuke nacho Lushoto. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Diski ya shule moja huku ilishuka mwaka juzi, ikarudi tupu kama debe. Nilimwambia: "Kijana, humo ndani yumo mume wangu. Hashuki barabara ile kwenye mkoba wa bodaboda, na hafutwi na mtu!"

Clemence aliinamisha kichwa. "Nisamehe mama, sikujua ni yeye." Nilidhani nilimwambia. Kumbe nilimwambia ni wimbo tu.

Ijumaa, 4 Julai

Ubeti wa kwanza! Haikumaliza hata ubeti wa kwanza.

Klara alisema kwa sauti ya chini, "Tuimbe ule wa mwaka jana, si mbaya." Wote walimtazama Nathanaeli. Yeye aliangalia spika muda mrefu, akachukua kofia, akatoka. Nilimwona dirishani amesimama ukingoni, pale ambapo milima inakatika na mawingu yako chini ya miguu. Nimezaliwa hapa na bado pale pananinyamazisha. Alikuwa anapunga mkono wa kulia taratibu, anaongoza. Mbele yake hapakuwa na mtu, palikuwa na mawingu tu.

Nimelia. Niandike nini kingine.

Jumapili, 6 Julai

Tumegombana. Upepo ulikuwa wa kukata masikio, nikamfunga shingoni ile skafu yangu nene, mizunguko mitatu, nikaibana kwa pini. Hatukufika kanisani. Alisimama njiani, macho yakamtoka, akaivuta skafu mpaka pini ikaruka, akaitupa kwenye matope. Wee! Nikamfokea mbele za watu, kwamba nahangaika naye na shukrani hakuna. Alipiga makofi mara tatu usoni kwangu. Halafu akauchukua mkono wangu kwa nguvu, akauweka mbele ya lile tundu. Pumzi yake ikanipiga kiganjani, ya moto, ya haraka.

Nilikuwa nimemziba. Miezi mitatu namwosha lile tundu kila siku, na bado mwili wangu unaamini mtu anapumua kwa pua. Tulikaa juu ya jiwe mpaka akatulia, tukaingia ibadani tumechelewa. Sasa anafunika kwa kitambaa chepesi tu, kile walichompa hospitali.

Jumanne, 8 Julai

Upepo. Viazi. Sijaifungua ofisi.

Alhamisi, 10 Julai

Mungu wangu, Mungu wangu. Ngoja niandike polepole.

Nathanaeli alinifuata ofisini leo, jambo ambalo hajalifanya tangu ile Ijumaa. Aliniashiria niwashe. Nikawasha, nikachochea jiko. Tukaucheza wimbo, sehemu ya besi. Yeye hakukaa kusikiliza. Alipiga magoti sakafuni kando ya lile sanduku, kama anavyofanya kwa mwanakwaya anayekosa pumzi: huwa anamwekea mkono mgongoni, chini ya mbavu, aone hewa inaingia wapi. Akapapasa sweta mbele, akapapasa nyuma. Akainua pindo la nyuma, akaingiza kiganja ndani.

Alikitoa haraka, kimeungua. Akaniita kwa kidole. Nikaingiza wangu. Ala! Mle ndani mlikuwa moto kama chini ya chungu, na ile feni niliyoiona siku ile ilikuwa inalia peke yake, inavuta hewa haipati, imezibwa na sufu.

Aligonga sanduku. Akagonga shingo yake, pale kwenye tundu. Akaniangalia.

Sikungoja neno. Nililivua sweta kwa mikono miwili, akapiga jiko teke likatoka mpaka barazani, nikafungua madirisha yote mawili na ukungu wote wa Mtae ukaingia. Tukacheza wimbo. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Nilishika meza. Ukaja wa nne! Kwa besi sikuwahi kuusikia. Unashuka, unashuka mpaka nilihisi nyayo zinatetemeka, halafu unapanda mahali ambapo besi hazipandi. Tulirudisha mwanzo tukasikiliza tena, na tena, meno yanagongana kwa baridi.

Nilimpigia Clemence simu kumweleza.

"Mama, sweta gani?"

"Sweta la kompyuta."

"Kompyuta ina sweta?"

Alicheka mpaka simu ikakata. Aliponipigia tena alikuwa ametulia, akanieleza kwamba mashine hizi zina akili ya kujihami. Joto likizidi, inajizima kwa kusudi kabla ya vilivyomo kuungua. Isingejizima, kile kiboksi kingekuwa kimeharibika siku nyingi.

Kwa hiyo mwezi mzima nimeigonga, nimeitukana, nimeiita shetani, na kumbe ilikuwa inamlinda mume wangu dhidi yetu. Nimeifuta vumbi kwa khanga yangu safi. Nimeiambia hongea, kama ninavyomshukuru mtu kwa Kishambaa. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 11 Julai

Sasa kuna shughuli nyingine: nani atamwambia Mama Esteria? Zawadi iliyokabidhiwa madhabahuni haivuliwi hivi hivi. Mchungaji ana safari. Wazee wa kanisa wamenionyesha mimi kwa vidole.

Ningemwambia kwa raha zangu zote, niliapa hivyo, mpaka Klara aliponivuta kando. "Mama Justin, ile sufu ya kijani hukuitambua? Ni lile koti la kufuma la marehemu mumewe. Alilifumua mwenyewe. Sufu ya dukani haikupatikana ya kutosha."

Nilimkumbuka marehemu na koti lile, kila Jumapili, benchi la pili. Nimekosa raha.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda kwake baada ya ibada na sweta kwenye kikapu, limekunjwa vizuri. Nilianza kwa mvua, nikapita kwenye maharage, nikafika kwa wajukuu.

"Mama Justin," alisema, "sema kilichokuleta, chai inakwisha."

Nikasema. Kwamba mashine inapumua, na sisi tuliiziba. Kwamba mimi mwenyewe nilimziba Nathanaeli vilevile njiani, kila mtu ameona. Nilisema na koti, kwamba najua ni la nani.

Alilichukua sweta akaliweka magotini, akawa analipapasa. "Nilidhani likikaa pale ofisini," alisema, "litakuwa bado linakwenda kanisani." Machozi yalimtoka bila sauti. Nilisogea, nikakaa kwenye mkeka karibu naye. Mwanamke huyu nimemsema vibaya miaka mingapi, humu na nje ya humu.

Baadaye alijifuta, akaniangalia kwa yale macho ya mwenyekiti. "Mumeo kifua chake ni inchi ngapi?"

Alhamisi, 24 Julai

Kompyuta iko uchi, mzima wa afya. Sauti ya kwanza wameushika. Sisi watu ndio tunatetemeka ofisini.

Jumatano, 30 Julai

Sauti ya pili tayari. Tenori wanabishana.

Ijumaa, 8 Agosti

Besi wamefika ubeti wa nne. Wimbo ukiisha tu, Klara anarudisha mwanzo, hawachoki. Nathanaeli anazunguka kati yao anawapiga migongo. Jana alipanda juu ya kiti.

Jumamosi, 16 Agosti

Clemence amepanda bila kuitwa. Ameleta flashi mpya mbili, amenakili sauti zote, moja atabaki nayo yeye, moja mimi. Nimemwachia afanye, hata sikusimama nyuma yake. Halafu akaniuliza, "Mama, mwalimu amewahi kuzisikia zote nne kwa pamoja?"

Nilikaa. Hajawahi. Hakuna aliyewahi! Alizirekodi moja moja, tumejifunza moja moja.

"Kwa kuwa aligonga kijiti, zinaweza kupangwa zikaenda pamoja. Niachie leo."

Jumapili, 17 Agosti. Mavuno

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kabichi, viazi, maharage kwa magunia, jogoo wamefungwa miguu mlangoni wakisubiri mnada. Kompyuta ilibebwa na wazee wawili, ikawekwa mezani mbele, wazi kabisa, dirisha la karibu nayo limefunguliwa.

Nathanaeli alivaa kizibao alichofumiwa na Mama Esteria kwa ile sufu ya kijani. Shingo yake mama huyo ameiacha pana, tundu linapumua bila shida. Ila yale maneno hakukubali yapotee. Ameyashona mgongoni. Na kwa kuwa mwalimu wa kwaya huwapa watu mgongo, usharika mzima ulisoma KARIBU MGENI ibada nzima.

Kwaya iliimba. Waliimba vizuri, nisiwanyime haki yao. Mama Esteria alipiga kigelegele kilichoamsha jogoo wote.

Kisha Mchungaji Kristofa akasema, "Sasa tumsikie mwenyewe," akampa ishara Clemence.

Kijiti kiligonga. Halafu mume wangu akaimba. Akaimba juu, akaimba kati, akaimba chini, Nathanaeli wanne kwa wakati mmoja, wanapishana, wanapokezana, mmoja akishusha mwingine anadaka. Kanisa zima liliacha kupumua. Sijui nitumie neno gani. Nimeona mawingu ya Mtae yakifunguka asubuhi na nchi tambarare yote ikatokea chini hadi mwisho wa macho, na hii ilikuwa kubwa kuliko ile. Kwaya walisimama kimya, midomo wazi. Yeye mbele yao aliinua mkono, mwanzo kidogo tu, halafu wote, akajiongoza mwenyewe. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Niliitazama ile taa ndogo. Haikutikisika. Wa nne ukashuka, ukapanda, ukaisha, na watu wakainua mikono wapige makofi.

Lakini besi ilikuwa haijaisha.

Mlango ulilia ndani ya spika. Nyayo. Na sauti ya mwanamke mkali: "Baba Justin! Hujamaliza tu? Viazi vinapoa!"

Ni mimi. Kanisa lote lilicheka, na mimi nikataka sakafu inimeze. Halafu yeye akacheka pia, mle ndani, kile kicheko chake cha kifuani ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa bila kujua kwamba nimekisahau.

"Nimemaliza, Yuni," alisema. "Nimemaliza yote. Twende tukale."

Nyayo mbili zikatoka pamoja. Mlango ukafungwa. Ikabaki feni tu, inapumua.

Nathanaeli aligeuka. Hakuwa akijua. Kile kijiti aliacha mezani siku ile, na kurekodi hakuzima, tukaondoka. Alikuwa ananitafuta kwa macho kati ya mabenchi, mabega yanamtikisika, sikujua analia au anacheka.

Baraka zilikuwa bado, mnada ulikuwa bado, na karani wa usharika haondoki kabla ya mnada. Niliinuka. Nilipita katikati ya kanisa mbele ya watu wote, nikamshika mkono.

"Nimekusikia," nilimwambia. "Twende tukale."